Mimea ya Dawa na Watumishi wa Udongo

Kusini ya Tanzania, katika Mkoa wa Ruvuma, imesimama milima ya Mbinga. Upande wa magharibi nchi huteremka mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa, wanakokaa wavuvi. Na huko juu, Ukata na kata nyingine za milimani, hewa ni ya baridi na udongo hupendwa na mibuni. Hiyo ndiyo nchi ya Wamatengo, watu wasifiwao tangu zamani kwa bidii ya kulima.

Mwenye shamba la kahawa hupenda kuutumia kila upande wa ardhi yake. Kati ya mibuni husimama migomba, na penye ukingo wa shamba pengine mama wa nyumba hupanda mimea michache asiyokusudia kuiuza: kivumbasi, mchaichai, mshubiri. Mtoto akishikwa na mafua, mama huchuma majani mabichi, huyaosha, huyachemsha, akampa mtoto anywe maji yake yangali moto. Majani ni ya kijani, yananukia vizuri, wala hayana vumbi. Basi ni nani awezaye kusema kwamba si safi?

Walakini usafi wa jani hauonekani wote kwa macho. Jani ni mtoto wa udongo, na kilichomo udongoni huweza kupanda kwa njia ya mizizi mpaka jani, na kutoka jani mpaka kikombe. Kwa hiyo anayetaka kuijua dawa yake na aanze kuujua udongo wake.

MRUTUTU KATIKA SHAMBA LA KAHAWA

Mwaka 1882 mtaalamu mmoja wa mimea, jina lake Millardet, alikuwa akipita kati ya mashamba ya mizabibu karibu na mji wa Bordeaux, Ufaransa. Mwaka ule mizabibu mingi ilikuwa imepukutika majani kwa ugonjwa wa ukungu. Akaona jambo la ajabu: mizabibu iliyosimama kando ya njia ilikuwa mizima, na majani yake yalikuwa yamepakwa kitu cha rangi ya samawati. Alipouliza, aliambiwa kwamba wenye mashamba wameipaka mrututu uliochanganywa na chokaa, ili wapita njia wadhani ni sumu wasiibe zabibu. Hawakujua kwamba hila ile ya kuwatisha wezi imeufukuza na ugonjwa pia. Millardet akaijaribu dawa hiyo kwa uangalifu, na mwaka 1885 akawatangazia watu habari zake.

Mrututu hutokana na shaba, na tangu siku zile dawa za shaba zimeenea duniani kote. Kahawa nayo ina maadui zake wa namna ya ukungu. Mmoja ni kutu ya majani. Mwingine ni chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni changa mtini. Chulebuni ilionekana Kenya mwaka 1922, na mwaka 1964 ikaonekana Tanzania. Wakulima wa Kenya, wa Kilimanjaro na wa Mbinga walinyunyiza dawa za shaba ili kuokoa mavuno yao, mara kadhaa katika msimu mmoja, mwaka baada ya mwaka. Hawakufanya kosa, waliokoa ada za shule za watoto na chakula cha nyumba zao.

Lakini dawa ikinyunyizwa haibaki yote juu ya majani. Nyingine hudondoka chini pale pale. Nyingine huoshwa na mvua. Nyingine huanguka pamoja na majani yanayopukutika. Yote hufika udongoni. Na hapo ndipo pana jambo la kukumbuka: jani huoza, mti huoza, hata mfupa huisha, bali shaba haiozi. Haina sehemu ndogo zaidi za kuvunjikia, wala hakuna mdudu awezaye kuila ikaisha. Wataalamu waliopima udongo wa mashamba ya mibuni ya Kenya na ya Kilimanjaro, yaliyonyunyizwa kwa miaka mingi, waliona kwamba shaba imerundikana, hasa katika tabaka la juu. Na tabaka hilo ndilo yanamokaa mizizi ya mimea midogo kama kivumbasi.

MADINI MAZITO NI NINI

Shaba ni mmoja katika jamii iitwayo madini mazito. Wengine ni zinki, risasi, zebaki na kadimi. Si wote wenye tabia moja. Shaba na zinki, zikiwa kidogo sana, ni chakula cha lazima kwa mmea na kwa mtu. Ni kama chumvi katika mchuzi, ambayo chembe zake hutia ladha, lakini mtu akimimina kikombe kizima mchuzi haunyweki. Risasi, zebaki na kadimi hazina kazi yo yote njema katika mwili wa mtu. Risasi hudhuru akili za watoto wadogo. Kadimi hukaa katika figo miaka mingi na kuziharibu.

Madini hayo huja kwa njia nyingi. Risasi hutoka katika betri kuukuu za magari zilizovunjwa uani, na katika rangi za zamani za nyumba. Zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Geita, ili kuikusanya dhahabu iliyo katika mchanga. Kadimi huweza kuja kidogo kidogo ndani ya mbolea nyingine za fosfeti. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limetoa kipimo kwa mimea ya dawa iliyokaushwa: katika kilo moja isizidi miligramu 10 za risasi, wala miligramu 0.3 za kadimi. Kipimo hicho ni kidogo mno, jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja.

Mmea uliooteshwa penye shaba nyingi huanza kuumia mizizini. Mizizi huwa mifupi na minene, haitoi vijizizi vyembamba vya kunyonya maji. Kisha majani hugeuka manjano, kwa maana mmea umeshindwa kupata chuma cha kutosha, ingawa chuma kimo udongoni. Mwisho mmea hudumaa.

Tena madini hayaumizi mimea tu. Huko Woburn, Uingereza, kulianzishwa jaribio mwaka 1942: mashamba fulani yalitiwa mbolea iliyotokana na maji machafu ya mji, yenye madini mazito ndani yake. Kazi hiyo ilikomeshwa mwaka 1961. Miaka zaidi ya 20 ilipokwisha pita, wataalamu walipanda huko mmea wa jamii ya kunde, wakashangaa kuuona umedhoofika. Viumbe wadogo waliopaswa kuulisha mmea ule walikuwa wamekwisha haribiwa na madini yaliyobaki. Viumbe hao ni akina nani?

WATUMISHI WASIOONEKANA

Mtu akiteka udongo mzuri kijiko kimoja, ameshika mkononi mwake viumbe wengi kuliko watu wa nchi nzima. Ni wadogo hata hawaonekani ila kwa hadubini. Wengine huleta magonjwa, lakini walio wengi ni watumishi wema wa mimea.

Mwaka 1885 Frank, mtaalamu wa Ujerumani, alikuwa akichungua mizizi ya miti ya msituni. Akaona kwamba mizizi imevikwa nyuzi nyembamba za kuvu, na miti ile haikuwa migonjwa hata kidogo. Akauita umoja huo mikoriza, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kuvu na mzizi. Ilikuja kujulikana kwamba mimea iliyo mingi duniani ina ushirika wa namna hiyo, na miongoni mwao ni mahindi, mibuni, kivumbasi na mchaichai. Ni kama biashara ya haki kati ya majirani wawili. Mmea hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na sehemu yake huipa kuvu. Kuvu naye hutandaza nyuzi zake mbali, mahali mizizi isipofika, akaleta maji na fosfeti.

Mwaka 1888 Beijerinck, mtaalamu wa Uholanzi, alifaulu kuwatenga viumbe wengine waishio ndani ya vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde. Hao huitwa rizobia. Mwanafunzi akiung'oa mharage taratibu ataviona vinundu hivyo. Akikipasua kimoja akakuta ndani rangi nyekundu, ajue kwamba kazi inaendelea. Rizobia huishika naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea.

Viumbe wa namna hizi wakioteshwa kwa makusudi, wakatiwa katika udongo au katika mbegu, hiyo ndiyo mbolea hai. Samadi na mbolea za viwandani ni chakula chenyewe. Mbolea hai ni wachukuzi na wapishi wa chakula. Chuo Kikuu cha Nairobi kimetengeneza mbolea hai ya rizobia kwa ajili ya kunde na maharage, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, nacho kimeifanya kazi hiyo hiyo. Lakini kila mtumishi ana bwana wake: rizobia hufaa jamii ya kunde tu. Kivumbasi na mchaichai huhitaji mikoriza, na viumbe wengine waishio huru kando ya mizizi.

JINSI WANAVYOUSAIDIA MMEA

Penye madini mazito watumishi hao huusaidia mmea kwa njia nne.

Kwanza, nyuzi za kuvu huyakamata madini mengi katika kuta zake zenyewe, yasipate kuingia yote mmeani. Pili, viumbe wengine hutoa utelezi na asidi za namna namna. Baadhi ya vitu hivyo huyafunga madini yasiyeyuke, na vingine huuletea mmea chuma uliokikosa. Tatu, mmea ukipata maji na fosfeti ya kutosha huwa na nguvu, na mwenye nguvu huvumilia taabu ambayo ingemwangusha mnyonge. Nne, viumbe hao huozesha majani na nyasi zikawa mboji, na mboji hushikamana na shaba kwa nguvu sana, kama udongo wa mfinyanzi unavyoshikamana na mkono. Shaba iliyoshikwa na mboji imo udongoni bado, lakini imefungwa.

Hapo hekima ya kale ya Wamatengo yapaswa kukumbukwa. Katika karne ya 19 walipanda milimani kukimbia vita vya Wangoni, wakalazimika kulima penye miteremko mikali. Wakatumia kilimo kiitwacho ngoro. Mwezi wa Machi nyasi hufyekwa, zikakauka, zikapangwa mistari ya miraba juu ya mteremko. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi, hata shamba lote likaonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta, na katika msimu ufuatao mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutulia katika mashimo, wala hayaukokoti udongo kwenda mabondeni. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mboji. Watu walioanza kilimo hiki hawakuwa na hadubini, lakini waliwalisha watumishi wa udongo kila mwaka.

Ngoro ni shamba la mahindi na maharage, si la kahawa. Walakini fundisho lake laweza kuvuka mpaka wa shamba: udongo uliopewa majani ya kutosha, usioachwa uchukuliwe na maji, ni nyumba ya viumbe wengi, na nyumba yenye watumishi wengi haishindwi upesi.

MFANO WA LUBUMBASHI

Magharibi ya Tanzania, katika nchi ya Katanga huko Kongo, liko jambo lililo kubwa kuliko la mashamba ya mibuni. Katika mji wa Lubumbashi, ambamo Kiswahili husemwa sana, tanuri la kuyeyushia shaba lilianza kazi mwaka 1911. Moshi wake ulikwenda na upepo miaka mingi, ukaangusha madini juu ya ardhi, hata mahali paitwapo Penga Penga majani yakatoweka na udongo ukabaki mtupu.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupafunika mahali pale tena. Hawakuleta mimea ya mbali. Walichukua nyasi fupi ya nchi yao wenyewe, Microchloa altera, iliyozoea tangu zamani kuota juu ya vilima vya shaba. Wakatia chokaa ili kupunguza ukali wa udongo, na mboji ili kuifunga shaba. Nyasi ikashika. Kusudi lao halikuwa kuiondoa shaba, maana hilo haliwezekani kwa siku chache. Kusudi lilikuwa kuituliza mahali ilipo, isipeperushwe na upepo wala kuchukuliwa na maji.

MMEA MZIMA SI DAWA SAFI

Sasa yafaa kusimama kidogo, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mkulima akiona kwamba mbolea hai imeufanya mmea wake usitawi penye shaba, aweza kufurahi na kusema, “Sumu imekwisha.” Haikwisha. Mbolea hai humsaidia mmea kuvumilia. Haiyatoi madini udongoni.

Tena madini yaliyozuiwa na kuvu mara nyingi hubaki mizizini. Ikiwa dawa ni jani, huenda hilo ni jambo jema. Lakini dawa nyingine za miti shamba ni mizizi yenyewe. Mtu akichimba mzizi uliokusanya madini, akautwanga na kuuchemsha, anakunywa kile kile ambacho kuvu alikizuia kisifike majanini. Tena majaribio mbalimbali yameonyesha kwamba kuvu hawa hawafanyi kazi sawasawa kwa mimea yote na madini yote. Mara nyingine madini ya majani hupungua, na mara nyingine huongezeka, kwa kuwa mmea wenye nguvu hunyonya zaidi. Kwa hiyo mmea uliosinyaa humwonya mwenye nao, bali mmea uliositawi huweza kumdanganya. Ni maabara tu iwezayo kusema kweli, kwa kupima udongo na kupima jani.

MAMBO YA KUFANYA

Mwenye bustani ya dawa na achague mahali kwanza. Asipande kati ya mibuni iliyonyunyizwa shaba kwa miaka mingi, wala chini yake ambapo maji ya shamba hupita, wala karibu na gereji, wala penye majivu ya takataka, betri au mbao zilizopakwa rangi. Kitalu kidogo juu ya mteremko, mbali na bomba la kunyunyizia, ni bora kuliko bustani kubwa mahali pabaya.

Kisha na atengeneze mboji. Nyasi kavu, majani mabichi na samadi ya ng'ombe au mbuzi hupangwa tabaka juu ya tabaka, hutiwa maji kidogo, hufunikwa, na kugeuzwa mara kwa mara mpaka ziwe nyeusi na kunukia kama udongo wa msitu. Asitumie takataka za mjini asizozijua, asije akaingiza kwa mkono wake madini aliyotaka kuyakimbia.

Akitaka kuwaongeza kuvu wa mizizi, na achukue udongo kidogo chini ya nyasi za porini mahali safi, auchanganye na mchanga katika chungu, apande humo mahindi au mtama. Baada ya miezi mitatu au minne na aukate mmea, aikatekate mizizi yake, na kuichanganya pamoja na udongo ule katika mashimo ya miche yake. Asitie mbolea nyingi ya fosfeti, kwa sababu mmea ulioshiba fosfeti huwafukuza kuvu, kama tajiri amfukuzavyo mtumishi asiyemhitaji tena.

Mwisho, na aizuie shaba kwenye mlango wake. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye kituo chake kimoja huko Ugano, Mbinga, imetoa aina za mibuni zisizoshikwa na chulebuni wala kutu. Mkulima apandaye mibuni hiyo hana haja ya kunyunyiza kama baba zake walivyonyunyiza. Anapunguza gharama yake, na anawaachia wajukuu wake udongo ulio mwepesi kuliko ule aliorithi.

Wazee husema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Neno hilo husemwa kwa habari ya mwili wa mtu, lakini lafaa kwa udongo pia. Watumishi wadogo wa ardhi wana nguvu nyingi, nao hufanya kazi usiku na mchana bila kuomba ujira. Walakini mzigo wanaoweza kuubeba una kiasi. Apendaye kumpa mtoto wake kikombe cha dawa iliyo safi na asiwatwike kupita kiasi hicho.

MASWALI

1. Kwa nini shaba hukaa udongoni miaka mingi, na jani halikai?
2. Wenye mizabibu wa Bordeaux walipaka mrututu kwa kusudi gani, na Millardet aligundua nini?
3. Eleza tofauti iliyopo kati ya mbolea hai na samadi.
4. Kuvu wa mizizi hupata nini kwa mmea, na mmea hupata nini kwa kuvu?
5. Kwa nini dawa ya mizizi yaweza kuwa na hatari kuliko dawa ya majani, ingawa mmea ni mmoja?
6. Chora shamba la nyumbani kwenu, uonyeshe mahali panapofaa kitalu cha dawa, ukitoa sababu zako.